Stesheni Masta Anyoosha Mkono

Asiniambie mtu kwamba kura moja haina uzito. Juzi, stesheni ya Kimamba, niliwakuta wanakijiji wa ujamaa wakicheza sataranji, mchezo wa kumzingira mfalme, na mtu mmoja tu, stesheni masta. Wakishindwa, watamlimia shamba lake. Akishindwa yeye, atalima la kijiji.

Kila hatua walifanya kikao, mbele yake, kwa sauti.

"Ndugu, wanaotaka farasi aende?" akauliza mwenyekiti.

Nusu wakanyoosha mikono, nusu wakakataa. Wakabaki wanatazamana. Ndipo stesheni masta naye, kwa mazoea ya vikao, akanyoosha wake.

"Hoja imepita!"

Farasi akaenda. Mfalme wa stesheni masta akakosa pa kukimbilia.

Leo nimekutana naye, jembe begani. "Mzee, ulipatwa na nini?"

"Aa, ndugu yangu! Hoja yenyewe ilikuwa nzuri."