Wanaume saba, tai moja: website yetu ya kwanza pale Kipkelion

Chamgei wakuu. Nyinyi wa kuandika na nyinyi wa kuchungulia tu bila kusema neno, wote nawasalimu.

Naona vijana humu wanalia ati website zao hazileti wateja. Acha niwape yangu, ya miaka ya tisini mwishoni. Sitaongeza chumvi. Si ati mimi ni mtakatifu. Ni kwa sababu dada yangu yuko humu jukwaani anasoma, na huyo mtu ana mdomo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza Form Four, nikarudi nyumbani, nikaketi. Kwenda Kericho tu nilikuwa naaga watu kama naenda ng'ambo. Nikifika Chepseon tayari nimekumbuka kitanda changu.

Dada yangu mkubwa, Sally, alikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba vitano, juu kidogo ya reli. Zamani ilikuwa inajaa. Wafanyakazi wa reli, wanunuzi wa mahindi, wahubiri. Halafu watu wakazoea barabara kuu, wanatupita kule Kedowa bila hata kugeuza shingo, na vyumba vikabaki na mimi tu. Nilikuwa meneja. Kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda ambavyo hakuna mtu amelalia.

Akaja mfanyabiashara wa nafaka, akataka kukodi nyumba yote iwe stoo ya mahindi. Sally akamwomba angoje mpaka mavuno.

"Mahindi yakivunwa na vyumba bado viko hivi, nampa ufunguo," akaniambia. "Na wewe meneja ujue gunia halihitaji kutandikiwa."

Hapo niliamka.

Tulikuwa na mgeni mmoja tu wa kudumu, Owino. Mtu wa kutoka ziwani, karani kwa ofisi ya kiwanda fulani cha chai. Kila wikendi alikuja kulala kwetu, ati anapenda hewa. Mimi alikuwa ananiita shemeji, na sikuwa nimempa sababu.

Owino alikuwa amejifundisha kutengeneza website kutoka kitabu cha photocopy, na bosi wake alimruhusu kutumia kompyuta ya ofisi Jumamosi mchana. Internet yenyewe ilikuwa Nakuru, kwa ofisi moja yenye laini ya simu.

"Website ni nini?" Sally akauliza.

"Ni kama signboard, lakini mtu anaisoma akiwa Ulaya."

"Na mtu wa Ulaya atakuja Kipkelion kutafuta nini?"

Wakuu, hilo swali lilikuwa website nzima. Tukalipita kama mtu anayetudai.

Badala yake tukaunda kamati.

Kwetu jambo likishakuwa kubwa haliendi bila kamati. Baba mdogo alisikia ati nyumba yetu itaonekana dunia nzima, akafika asubuhi na fimbo yake. "Dunia ituone bila mwenyekiti?" akasema. "Watafikiri hatuna wenyewe." Kufikia mchana alikuwa mwenyekiti, na watu saba wana vyeo. Mimi nilipewa Afisa wa Usafiri. Mimi!

Mpiga picha akaitwa. Tai ilikuwa moja, ya Owino, nyekundu yenye vidoti. Mmoja akipigwa picha anaivua, anampa anayefuata. Ukitazama zile picha kwa haraka ungefikiri ni mtu mmoja anazeeka.

Homepage ikawa hivi: hotuba ya mwenyekiti, halafu picha saba kubwa. Unabonyeza unaenda kwa makamu mwenyekiti, naye ana hotuba. Kutoka kwa makamu unaenda kwa katibu. Vyumba vilikuwa mwisho kabisa, pamoja na maneno haya ya Sally mwenyewe: "Mahali patulivu pasipo kelele." Treni ya mizigo ilikuwa inapita hapo chini mpaka vikombe vinagongana kabatini, lakini Sally alikuwa na aibu nayo. Kila mgeni akija, kabla ya karibu alikuwa anasema pole kwa treni.

Tukaizindua. Mwenyekiti aliomba Mungu, tukanywa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyuni, kila mtu akashikana mkono na Owino.

Nikasafiri mpaka Nakuru kuiona. Afisa wa Usafiri kazini. Picha ya Baba mdogo ilishuka polepole, mstari kwa mstari, kama pazia. Zikaja nywele. Ikaja paji la uso. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa amefika puani.

Wiki zikapita. Kulikuwa na kihesabu kidogo pale chini cha kuonyesha watu wangapi wameingia. Owino akaja na habari: kumi na wanne!

Sally akapiga makofi.

"Lakini shemeji," Owino akaninong'oneza nje, "kumi na mmoja ni mimi. Nilikuwa naangalia kama kuna mtu ameingia."

Na mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani.

Sasa kile nilichofanya si akili, ni uvivu. Sikutaka kurudi Nakuru. Nikamwomba Owino anichapishie zile kurasa zote, nikazigonga kwa misumari kwenye kuta za sitting room. Palipo na link nikafunga uzi wa sweta kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ukitaka kwenda mahali, unafuata uzi na miguu yako.

Siku hiyo Owino alikuwepo, na Mama Njeri anayetuuzia viazi alikuwa ameleta mzigo kutoka Kedowa. Hakuwa amewahi kusikia kitu inaitwa website. Nikamwambia, mama, jifanye mzungu. Uko kwenu, unatafuta mahali pa kulala. Anzia hapa mlangoni.

Mama Njeri akajifunga leso vizuri, akasimama mbele ya wale wanaume saba. Akawatazama mmoja mmoja.

"Hawa wanagombea kiti gani?"

"Hawagombei, mama. Ni kamati."

"Sasa mimi nimekuja kulala ama kupiga kura?"

Sally akacheka mpaka akashika meza. Mama Njeri akafuata uzi kwa makamu, kwa katibu, kwa mweka hazina, akazunguka nyuma ya kabati. Mimi nilikuwa ukutani katikati ya kabati na dirisha, kwa hiyo alinipita pia. Vitanda vilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Hakufika. Aliketi kwenye kochi, akavua kiatu kimoja.

"Huyu mzungu amechoka. Atalala Kedowa."

Wakati huohuo treni ikaja. Vikombe vikaanza. Sally akasema, kama kawaida yake, "Pole mama, hiyo kelele."

Lakini Mama Njeri alikuwa tayari ameinuka, kiatu kimoja mguuni, yuko veranda. Treni ilikuwa inapanda mlima na mabehewa yake, inavuta pumzi kama ng'ombe kwenye matope, inajipinda pale kwenye kona mpaka unaona kichwa na mkia pamoja. Akaitazama mpaka ikaisha.

"Mimi huleta viazi yangu saa hii ndio niione," akasema. "Hiyo mbona haiko kwa ukuta?"

Owino akatoa kalamu.

Shida ilibaki moja: nani atamwambia Baba mdogo atoke mlangoni?

Sally ndiye alijua njia. Hakumwambia kitu. Alimwita, akampa kibuyu cha mursik, akamwambia, "Baba mdogo, tusaidie. Wewe ni mgeni, umetoka mbali, tafuta kitanda." Mzee akaanza safari. Kwa katibu alitulia. Kwa mweka hazina aliegemea fimbo. Nyuma ya kabati akasimama kabisa.

"Ni nani aliniweka pale mlangoni nizuie watu?"

"Ni wewe, Baba mdogo."

Akatutazama. Halafu akacheka, kicheko cha tumbo. "Mwenye nyumba hukaa ndani akingoja mgeni akule kwanza. Nirudisheni ndani."

Basi tukaanza upya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha moja ndogo, treni kwenye kona, imepigwa kutoka veranda. Chini yake mistari mitano: kitanda, chakula, bei, namna ya kufika, na pa kuandikia. Uzi mmoja tu ukaenda kwa kamati, kwa yule anayetaka. Maneno ya "pasipo kelele" Sally aliyafuta mwenyewe.

Halafu Owino akafanya kitu ambacho mara ya kwanza hatukufanya. Alitafuta watu wa nje wanaopenda treni, maana kumbe wako, wanaandikiana barua kwa kompyuta kuhusu reli za dunia. Akawaambia tuko hapa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mavuno, yule wa nafaka alikuja na tape measure. Alikuwa ameshapima vyumba viwili wakati Owino aliingia na karatasi imekunjwa mfukoni. Sally akaisoma amesimama. Ilikuwa ya mzee mstaafu wa ng'ambo na mkewe. Walitaka siku sita, na walikuwa na swali moja: ni chumba gani kinasikia treni vizuri zaidi?

Sally alisoma mara mbili. Kile chumba namba tano, cha karibu na reli, alikuwa hampi mtu isipokuwa yule aliyekosana naye.

Yule mfanyabiashara alikuwa anaelekea hukohuko na tape yake.

"Hapo usipime," Sally akamwambia. "Kimechukuliwa."

"Kimechukuliwa na nani? Nyumba yote iko tupu."

"Wageni wangu."

"Wako wapi?"

"Bado wako kwao."

Yule mtu alitucheka mpaka barabarani. Lakini alienda na tape yake.

Walikuja, wakuu. Wakaleta wengine. Sitawadanganya ati tulijaa, kuna miezi nilitandika vitanda vya bure kama zamani. Lakini hakuna gunia limewahi kulala pale, na Owino siku hizi ananiita shemeji kihalali.

Misumari yangu iko ukutani mpaka leo. Sally anakataa itolewe.

Kwa hiyo wewe unayelia ati website yako haileti mtu, usianze kulaumu internet. Mwite mtu ambaye hajui biashara yako, hata wa viazi, msimamishe mlangoni na unyamaze. Akikuuliza unagombea kiti gani, rudi ukaanze upya.

Nawe uliweka nani mlangoni? Sema ukweli hapo chini, tucheke pamoja. Na Sally, kama nimekosea rangi ya tai, sahihisha polepole.