Majani ya Mama Feliksi

Leonia Nyabenda aliingia ufukweni kwetu Kibirizi mwaka 1996 akikimbia vita Rumonge, ng'ambo ya mpaka, na watoto watano na sufuria moja. Alianika dagaa kwenye mchanga, karibu na mimi.

Mwaka uliofuata Feliksi wake na Yuliana wangu waliugua malaria wiki moja. Tuliwapeleka zahanati pamoja, wakapewa vidonge vilevile. Feliksi aliinuka siku ya tatu akidai uji. Yuliana malaria ilimpanda kichwani. Sasa ana miaka kumi na hajui kujifunga kanga.

Nilimwonea wivu Leonia, sifichi. Kila asubuhi nilitazama watoto wake wakienda kuchota maji, wote wazima. Nikamchunguza. Nikaona anawaogesha kwa umuravumba, majani ya kwao yenye harufu kali, aliyoyapanda nyuma ya choo. Nikasema siri ndiyo hiyo, ananinyima.

Kwa hiyo Agape, mdogo wake Yuliana, alipochemka homa, sikwenda zahanati. Niliiba majani nikamwogesha. Siku ya pili akakakamaa, macho yakageuka.

Leonia alisikia kilio changu akaingia. Akaona beseni.

"Mama Yuliana! Kumbe mbuzi anayekula bustani yangu ni wewe?"

"Ulinificha dawa!"

"Dawa gani? Hayo yanatuliza joto tu, mama. Lete mtoto!"

Nilimkumbatia Agape nikizidi kulia. Akambeba yeye mgongoni, akakimbia naye hadi hospitali.

Agape alipotundikiwa dripu ya kwinini, nilimuuliza nesi Honorata, anayetujua sote, kwa nini malaria inaumiza wangu tu.

"Kinga ya mwili hurithiwa, kama sura," alisema. "Mwili mwingine hupigana na malaria ukaishinda. Mwingine hupigana kwa fujo, hata ubongo ukaumia. Huyu na dada yake ni damu moja, huenda wamerithi kitu kimoja. Akipata homa, usingoje hata saa moja."

"Na wa Leonia?"

"Labda walirithi vizuri. Leonia hakuiba chochote kwako."

Siku mbili nilikaa nikiogopa Agape ataamka kama Yuliana. Alipofumbua macho nilimwinamia.

"Mimi nani?"

Alinipita kwa macho, akamtazama aliyesimama nyuma yangu na bakuli.

"Mama Feliksi," alisema, "nataka uji."

Akili ilikuwepo yote. Nililia kwa furaha, na bado nilitamani jina alilolitaja kwanza liwe langu.