Chungu Kimoja, Vijiko Viwili

Mdomo huponza kichwa, na wangu uliniponza hadi Korea. Tulikuwa wawili kutoka Kongo, tumetumwa kujifunza jinsi wenzetu wanavyotumia soya. Mimi ninafundisha wakulima Masisi, huku milimani. Mwenzangu, papa mmoja mpole, ndivyo tunavyomwita mwanaume mkubwa kwetu, aliyenizidi miaka kama kumi, anafanya kazi hiyohiyo Walikale, upande wa msituni. Tulikuwa tumeahidiana kwamba tukirudi tutafundisha pamoja, kwake na kwangu.

Siku ya tatu wenyeji walituuliza darasani soya inaliwaje kwetu Kongo. Papa akasimama, akaeleza kwa Kifaransa jinsi akina mama wa Walikale wanavyoitwanga na kuitia katika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Mimi sikuwahi kuona kitu hicho, basi nikaropoka: "Huyu papa ni mtu wa pori, anajua nyama tu. Soya ataijulia wapi?" Mkalimani akatafsiri. Darasa zima likacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Papa akaketi taratibu, akaanza kukunja na kukunjua karatasi yake.

Kesho yake asubuhi aliniambia maneno machache: "Tukirudi, weye ufundishe kwenu, na miye kwetu. Tusitafutane tena."

Nilikasirika. Kwani mtu mzima hataniwi? Lakini nilikuwa nimeumia, maana bila yeye kazi ile ingekuwa nusu, na nilikuwa nampenda kama kaka.

Mchana huo mkalimani alituacha mlangoni mwa mgahawa mmoja wa zamani, akaenda kwenye shughuli zake. Uani mitungi mikubwa ya udongo ilikuwa imepangwa juani. Ndani tulivua viatu, tukaketi sakafuni, na sakafu yenyewe ilikuwa na joto kama jiwe la jikoni baada ya kupika. Bibi mwenye mgahawa alileta sahani ndogondogo za mboga, bakuli mbili za wali, na chungu kimoja cheusi, supu bado inatokota ndani yake. Ilikuwa supu ya soya iliyovundikwa miezi mingi mpaka ikawa uji mzito wa kahawia. Harufu yake ilinipanda puani, nikakumbuka jibini letu la Masisi likisahauliwa kabatini.

Nikainua vidole viwili kuomba chungu cha pili. Bibi naye akainua viwili, akanyoosha mkono kwangu, kisha kwa papa, akacheka, akaenda zake. Chungu kilikuwa cha watu wawili.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kwetu, iwe Masisi iwe Walikale, watu wenye neno kati yao hawachovyi katika chombo kimoja mpaka walimalize lile neno. Tulijua hilo sote. Supu ikaendelea kutokota katikati yetu, kila mmoja akitafuna wali mkavu. Njaa ilikuwa inaniuma, na ile harufu, ajabu, ilikuwa imeanza kunipendeza.

Bibi alituona kutoka jikoni, akaja na kijiko chake. Akachota, akapuliza, akaonja, akaridhika. Nadhani aliogopa chumvi imezidi. Lakini kwetu mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu. Papa akasema polepole, bila kunitazama: "Mwenye chakula ameonja. Kwake hakuna sumu. Sumu iko kwetu babili."

Maneno hayo yalinichoma. "Papa, nilikosa. Unisamehe."

"Ulinicheka mbele ya bantu bengi, dada. Sasa unaniomba samahani mbele ya chungu?"

Nikasimama. Mgahawa ulikuwa umejaa watu waliokuja kula cha mchana, wote wakageuka. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya darasani: "Huyu papa anajua soya kunishinda! Miye njo sikujua, na nilimuzarau!" Hakuna aliyeelewa hata neno. Mzee mmoja kwenye kona akapiga makofi, labda alidhani nimesifu supu, na wengine wakamfuata.

Papa alicheka mpaka akajifuta macho. "Kaa chini, dada! Na kesho, mu darasa?"

"Nitarudilia kusema, mbele ya bote."

Akatumbukiza kijiko, akanywa, kisha akakisogeza chungu upande wangu. Supu ilikuwa ya moto na nzito, na vipande vya pilipili mbichi vikielea juu. Nilikula kwa raha ambayo sikuwa nimeipata tangu tutoke nyumbani.

"Tukifika tutaanzia Walikale," akasema. "Bamama ba kule batatwanga ile soya mbele yako. Utakaa chini na kalamu, kama mutoto wa masomo."

Katika maneno yote hayo nilisikia moja tu, "tutaanzia", na machozi yakanitoka, nikayasingizia pilipili.