Terwyn Pugh, Aliyewasimamia Walinzi Wanne

Kama umewahi kutazama tamthilia ya Mlinzi wa Mnara, na hapa Cardiff, Wales, sijui nani hajaitazama, basi umewahi kuusifia mwanga unaoangukia uso wa Mlinzi anapofungua mlango. Nataka ujue kwamba mwanga huo ulipimwa kwanza kwenye pua ya Terwyn Pugh. Ni pua kubwa, nasema bila kumsengenya, kwa sababu yeye mwenyewe husema ndiyo iliyompa kazi.

Mimi nauza chakula kwenye gari linaloegeshwa nje ya studio. Nawalisha watu wa taa, wa kamera, wa nguo, na majini ya kila sayari yanayokuja na mikia yao kuomba chai. Kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na nisiyoyaona niliambiwa na mkewe, Eluned, ambaye hajui kunyamaza.

Kazi ya Terwyn ilikuwa kusimama, basi. Kupanga taa kwa tukio moja kunaweza kuchukua saa nzima, na mwigizaji mkuu hawezi kuwekwa pale saa nzima kama kinyago. Basi anatafutwa mtu wa kimo chake na rangi yake, anasimama mahali pake, taa zinasogezwa mpaka zikae sawa, kisha anaambiwa asante na mwenye uso wake anaingia. Haihitaji kipaji hata chembe. Terwyn hakuna aliyemwambia hivyo, au aliambiwa akapuuza.

Alikuwa dereva wa basi kule Barry. Miaka ishirini na mitatu iliyopita aliitwa pamoja na watu arobaini waje kukimbia wakipiga kelele, eti sayari inalipuka. Wenzake walikimbia. Terwyn alisimama kumpisha bibi mmoja apite kwanza. Mwongozaji wa wakati ule alitaka kumfukuza, lakini Gethin, mkuu wa taa, akasema, "Huyo mrefu mwacheni. Ana kimo cha Mlinzi." Futi sita na inchi moja. Akaambiwa simama hapo, na hakuondoka tena.

Tamthilia yenyewe ni ya mnara wa taa unaosafiri kati ya nyota. Mlinzi wake hafi. Akichakaa, taa inazimika, inawashwa upya, na chini yake anainuka mtu yuleyule mwenye sura nyingine. Ujanja mtupu, ukiniuliza mimi: mwigizaji akichoka au akipata kazi Marekani, wanamzima na kumwasha mwingine. Ndivyo walivyoivuta tangu mama yangu akiwa mwali. Na kila wakibadilisha, nchi nzima hugombana. Huyu mdogo mno, yule ana sauti ya muuza bima. Mchungaji wetu aliwahi kulitaja suala hilo kanisani, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa sikiliza jambo ambalo watazamaji hawalijui. Mlinzi wa zamani hupigwa picha zake za mwisho Jumanne, anaagwa kwa keki, anaondoka. Mpya huingia Alhamisi. Jumatano inabaki ya kupanga taa ya kuwashwa upya, ili sura ya zamani na sura mpya zikae ndani ya mwanga mmoja. Katikati yao alisimama Terwyn. Amefanya hivyo kwa Walinzi wote wanne wa wakati wake, na kila Jumatano ya namna hiyo alikuja amevaa tai.

"Leo Mlinzi ni nani, Delyth?" hunitania kwenye dirisha la gari langu.

"Ni wewe, bwana mkubwa. Haya, mkate na yai au mkate na bekoni?"

"Mlinzi anakula vyote viwili."

Na maneno ya Mlinzi aliyajua yote. Mtu wa kusimama hatakiwi kusema kitu, lakini yeye aliyasema chinichini, kila neno, huku Gethin akisogeza taa na kujifanya hasikii.

Basi mwaka jana Piers Lathom, Mlinzi wa nne wa Terwyn, akatangaza anaondoka. Jumapili moja jioni televisheni ikasema itamtaja mrithi wake. Sote tulikuwa klabu ya raga ya Barry, bia mkononi, watoto wamekalishwa chini mbele. Picha ikatokea: Heledd Pryor, mchekeshaji kutoka Merthyr, miaka thelathini na minne.

Klabu ikalipuka. Wengine walipiga makofi, wengine waliguna. Mzee mmoja alisema mwanamke hawezi kupanda ngazi za mnara, mkewe akamuuliza ni nani basi aliyempandisha yeye ngazi za nyumbani Krismasi iliyopita. Kelele tupu. Mimi niliwatazama Terwyn na Eluned. Hawakushangilia wala kuguna. Walikuwa wanamtazama Heledd akisimama kando ya mtangazaji, na kichwa chake kilimfikia mtangazaji begani.

"Futi tano na inchi moja," Eluned akasema taratibu.

Jamaa mmoja nyuma akalielewa na kupayuka, "Terwyn! Itabidi wakukate miguu, ndugu yangu!"

Watu walicheka, na Terwyn alicheka pamoja nao. Alimaliza bia yake, akaaga, akatoka kwenye mvua bila koti. Eluned ndiye aliyelichukua na kumfuata.

Wiki iliyofuata barua ilitoka ofisini: wangemwita Jumatano ya kuwashwa upya kama kawaida, kisha wangeona. Sote tulijua kuona maana yake nini. Alikuja dirishani kwangu na barua imekunjwa mara nne.

"Naweza kupunguza," akaniambia.

"Kupunguza nini? Tumbo?"

"Kimo."

"Terwyn, una wazimu."

"Sikiliza, Delyth. Udereva wa basi niliacha. Watoto wako Bristol, wananipigia simu Jumapili. Nikiwa mle ndani nina mahali pangu, kuna alama yangu sakafuni. Nikitoka pale mimi ni mtu mrefu tu."

Nilimwongezea bekoni.

Siku mbili baadaye Eluned alinipigia simu. "Shoga, mume wangu anaosha vyombo kwa magoti."

"Ameanguka?"

"Anafanya mazoezi! Amevaa zile pedi za kupalilia bustani. Jana amekwenda mpaka kwenye pipa la taka hivyohivyo, jirani akadhani anaomba Mungu."

Alikuwa amepiga hesabu. Kwa magoti alipungukiwa inchi tano, kwa hiyo alichonga kisanduku cha mbao cha inchi tano, akakipaka rangi nyeusi kisionekane. Jumatano akaja amevaa tai, pedi zikiwa ndani ya suruali pana, na kisanduku kwapani. Gethin alikitazama kisanduku, akamtazama mwenyewe, akasema, "Haya mzee, panda." Gethin ana moyo laini, ingawa ukimwambia atakurushia waya.

Saa mbili nzima Terwyn alipiga magoti juu ya kile kisanduku. Jasho lilimtoka. Mwongozaji wa sasa, Imogen, mwanamke wa London anayetembea kama aliyechelewa treni, alipita, akasema ni sawa, akapita tena. Kisha wakafika mahali ambapo taa inawashwa upya na Mlinzi anainuka na kusema maneno yake ya kwanza.

Terwyn akainuka.

Hakukusudia. Miaka ishirini na mitatu amekuwa akiinuka pale, na maneno yalipofika ulimini miguu ilifuata. Akasimama sakafuni, nyuma ya kisanduku, kwa urefu wake wote, kidevu juu, macho yamefumbuka. Taa ikapandishwa ikamfuata. Gethin akasema, "Safi sana, funga hapo," vijana wakaifunga, alama zikawekwa, Imogen akaitazama kwenye skrini yake akaipenda. Watu ishirini wenye akili zao walikuwa mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyeona kasoro, kwa kuwa kila mmoja alikiona kile kichwa mahali alipozoea kukiona. Terwyn mwenyewe alikiokota kisanduku, akakung'uta magoti, akaenda nyumbani akiamini amefaulu.

Alhamisi akaingia Heledd. Asubuhi hiyo alikuja kwangu kuomba chai, akaniuliza kama nina biskuti, nikampenda palepale. Saa nne kamili kamera zikawa tayari. Mlango mkubwa wa studio ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, nami nikaona kila kitu kutoka garini. Kimya. Taa ikazimika. Taa ikawaka. Heledd akainuka.

Mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Uliangukia ukuta. Ulikaa futi nzima juu ya kichwa cha Heledd, umeulenga ukuta ule kana kwamba ndio uliopewa kazi, na yeye chini yake gizani, nywele za utosini tu zinang'aa.

Akatazama juu, akasubiri kidogo, kisha akasema, "Samahani jamani. Mlinzi ni mimi au ni huo ukuta?"

Studio nzima ikaangua kicheko. Hata wale vijana wa waya walishikana mabega. Imogen hakucheka.

"Jana alisimama nani hapa?"

Kicheko kikakatika. Terwyn alikuwa amekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, ameitwa akae tayari. Gethin akawahi kusema, "Ni kosa langu, mama. Nimeifunga vibaya. Nipe muda."

Ingeishia hapo. Gethin angekula maneno mawili matatu, Terwyn angebaki na kiti chake, na wiki ijayo kisanduku kingerudi. Nilimwona Terwyn amekaa, mikono juu ya mapaja, na nikasema moyoni, kaa hivyohivyo, mpumbavu wewe, usifungue mdomo. Akasimama. Alipita katikati ya nyaya mpaka kwenye alama ya sakafuni.

"Nilisimama mimi," akasema. "Nilipiga magoti, halafu nikajisahau. Gethin hana kosa. Mimi si kimo chake, Bi. Imogen, na sitakuwa. Unahitaji mtu mfupi."

Imogen akamtazama kutoka chini mpaka juu, na ni safari. "Mtu mfupi nitamtoa wapi saa hizi? Studio hii tunayo mpaka saa nane mchana."

Terwyn akageuka, akatazama nje ya ule mlango mkubwa, moja kwa moja kwangu.

"Delyth! Shuka!"

Hapa sina budi kukiri. Mimi hupika nikiwa nimesimama juu ya kreti la maziwa. Ukiniona dirishani unaona mwanamke wa kawaida. Terwyn ndiye hunibebea mtungi wa gesi kuingia ndani, ndiye pekee wa studio aliyeniona nimesimama chini.

"Nina bekoni kwenye moto!" nikapiga kelele.

"Zima moto!"

Nilizima. Nikaingia na aproni yangu yenye mafuta, watu ishirini wananitazama, uso umenipanda moto. Heledd akanisogezea bega lake, tukapimana, akaniambia, "Dada, tumekatwa kwa mkasi mmoja." Akaenda kukaa. Terwyn akanishika mabega yangu mawili, akaniweka juu ya alama yake.

"Usiitazame taa. Tazama juu yake kidogo, kama unamsubiri mtu dirishani. Kidevu. Hapana, hicho ni cha kugombana, kishushe. Na usivute tumbo, hakuna anayetazama tumbo."

"Mikono niiweke wapi?"

"Hata mimi sijawahi kujua. Iache tu."

Nilitaka kumwambia chukua mahali pako, mimi nina mikate ya kupaka siagi. Akaniachia. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, akapita kamera, akaingia kwenye giza walikokaa wengine. Sikumwona tena.

"Zima," Gethin akasema. "Haya, washa. Ishushe polepole. Polepole, mwanangu. Hapo."

Mwanga ukanishukia. Ulikuwa wa moto kwenye mashavu kama ukifungua oveni, na mbele yangu sikuona kitu. Nilidhani nimeharibu.

Kisha nikasikia sauti ya Terwyn, ndogo, haikuwa ile yake ya dirishani.

"Gethin. Ndivyo inavyokuwa?"

"Ndivyo."

"Siku zote?"

"Siku zote, mzee. Wewe ulikuwa ndani yake, ungeionaje?"

Alipenga pua, na pua ile ikipengwa inasikika mpaka maegesho. Mimi nimesimama pale sithubutu kupepesa, machozi yananitoka, na nilisema wazi ni kwa sababu ya taa, na nilikuwa nadanganya.

"Taa ya kushoto kwake ni kali mno," Terwyn akasema. "Inamkata shavu. Ukipunguza kidogo, na ukiivuta nyuma, nadhani itakaa."

Gethin hajawahi kuambiwa na mtu yeyote taa iwekwe wapi, hata na waongozaji. Nilisubiri waya urushwe. Nikasikia kiti cha plastiki kikiburutwa sakafuni, kikiwekwa kando ya kamera.

"Kaa hapa," Gethin akamwambia. "Niivute nyuma kiasi gani?"