Isale Juu ya Miamba

Mimi ni mpiga picha za pasipoti hapa Moshi mjini. Shule niliishia kidato cha pili. Kazi yangu ni kuwaambia watu wasicheke, wakati sura yangu yenyewe ndiyo inayowachekesha. Bahari nilikuwa nayo studio, kwenye pazia la plastiki lenye minazi, na maharusi wengi wa Kibosho wamekula fungate yao palepale, mbele ya feni.

Bahari ya kweli nilienda kuipiga picha kwa sababu mama alinituma.

Mdogo wangu alifia huko, upande wa Tanga. Alikuwa fundi uashi kwenye jengo la ufukweni. Asubuhi moja alishuka kwenye mawe kunawa saruji miguuni, wimbi likamchukua. Sisi wa Marangu maji tunayoyajua ni ya mfereji, yanapita shambani kwa adabu. Kuogelea hatujui. Walimtafuta, hawakumpata. Kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, kando ya kaburi la baba, nafasi yake haijachimbwa mpaka leo.

Na alikuwa ameondoka na ugomvi. Alikata mibuni ya baba ili apande parachichi, mama akiwa kanisani. Mama aliporudi akakuta visiki. Akamwambia, "Nikifa usije kunizika." Desemba ikaja, Wachaga wote wanapanda mlimani kurudi nyumbani, yeye hakupanda. Kabla ya Pasaka tukapigiwa simu.

Sasa kwetu ukimkosea mtu kiasi hicho, maneno matupu hayatoshi. Unakata isale, yale majani marefu tunayopanda mipakani na makaburini, unalipiga fundo, unampelekea. Akilipokea, amesamehe. Mara nyingi mtoto ndiye humpelekea mzazi. Hili mama alilikata mwenyewe.

"Miguu yangu hainifikishi hata kanisani," akaniambia. "Mpelekee wewe. Liweke pale alipoingilia, halafu upige picha, nione kama amelipokea."

"Mama, huko nani wa kupokea? Samaki?"

Mdomo wangu ndivyo ulivyo, hata msibani niliwachekesha watu wa jikoni. Mama hakucheka, hakukasirika. Akanifungia ndizi za njiani.

Mlinzi wa lile jengo alinipeleka jua halijatoka. Nimevaa viatu vya kupigia harusi, stendi ya kamera begani, kama mpagazi wa mlima aliyepotea njia.

"Vua viatu, kaka," akasema. "Mawe haya yanakata, na penye mwani yanateleza."

"Yeye alivua?"

"Alivua. Alikuwa anaimba wimbo wa kwenu huko. Sikuelewa hata neno."

"Basi ni yeye kweli. Sauti yake ilikuwa mbaya."

"Mbaya sana!"

Tukacheka wote wawili. Halafu yeye akaacha, mimi nikashindwa kuacha, mpaka akanishika bega.

Mawe yalikuwa meusi, yametobokatoboka kama sega. Nililiweka isale kwenye jiwe la mwisho. Mwanga ulikuwa wa kijivu bado. Mtu mwingine angepiga na flashi akaondoka zake, lakini mimi nikajifanya fundi, nikasema ngoja jua, mama aone vizuri. Likachomoza kutoka majini. Mawe yakapata ukingo mwekundu, povu likawa kama limewashiwa taa kwa ndani. Nikainamia kamera. Hapohapo wimbi likaja likalibeba isale.

Nilipata picha moja tu: jani linaelea mbele ya jiwe, linang'aa, linaenda. Nikajua amepokea. Nikampa mlinzi mkono kama mtu aliyepata mtoto.

Wimbi la nyuma yake likalirudisha, likalitupa miguuni pangu. Nikalirusha. Likarudi. Nililirusha mpaka fundo likafunguka, na bado likarudi. Mlinzi akageuka, akatazama upande wa pili.

Niliikuza ile picha, nikaipandisha Marangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lete."

Akaishika kwa ncha za vidole.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapo."

"Maji yake ni ya baridi?"

"Ya vuguvugu, mama."

"Afadhali." Akalifuata jani kwa kidole. "Linaenda."

"Linaenda."

"Halikurudi?"

Utani nilikuwa nao tayari mdomoni. Haukutoka.

"Lilirudi, mama."

Akaisogeza picha kwenye mwanga wa mlango. Kuku wakaingia ndani, hakuwafukuza.

"Ndivyo alivyo," akasema. "Akinuna, ukimtuma mtu ampelekee chakula anakirudisha. Mpaka niende mwenyewe, nikae kitandani kwake, ndiyo anakula."

"Najua, mama."

"Kwako alikuwa hapokei hata siku moja."

"Hata siku moja."

Akaiweka picha pembeni, akaanza kuyakanda magoti yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayejiandaa na safari.

"Na kutoka hapa mpaka huko," akaniuliza, "ni mbali?"

Nikachuchumaa mbele yake, nikalishika goti moja, nikamsaidia kukanda.