Sindano ya Cherehani ya Kioo

Mama yake Cheche alikuwa mshonaji wa kupigiwa mfano, na hilo alilijua mwenyewe kabla hujamwambia. Bintiye alipoacha uzi akaenda kupuliza kioo mbele ya tanuri, mama huyo alinuna miaka nenda miaka rudi. "Umeacha kazi ya maana ukaunguzwe bure," alimwambia. Karakana ya kioo hakuitia mguu.

Basi karakana ikapata kazi ya kujivunia: cherehani ya kioo, kubwa kama chumba, ikasimame kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Huyu anapuliza, yule anazungusha bomba, mwingine anamkinga mwenzake na joto, na utani hauishi. Cheche akawa na lake moyoni: safari hii mama angekuja, na angehukumu.

Sindano ilipotoka, ndefu kuliko mtu, wote walipiga makofi. Cheche akashika kiuno.

"Tundu liko juu," alisema.

"Kwani tundu la sindano hukaa wapi?" aliuliza fundi mkuu.

"Hiyo ni ya mkono, mzee. Ya cherehani tundu liko chini, karibu na ncha. Mama akiikuta hivi, mimi nahama mji."

Walicheka, kisha wakaanza upya, ingawa walikuwa hoi. Kutoboa kioo chembamba ni kukitafutia kuvunjika, na sindano mpya ilivunjika kweli, na iliyofuata ikavunjika pia. Fundi mkuu alijifuta jasho, akasema haya, turudi motoni. Ya tatu ikakubali, na hapo fundi mkuu, jitu zima na ndevu zake, akatokwa na machozi.

Siku ya uzinduzi mama alikuja shingo upande. Macho yake yalishapungua nguvu, hivyo alitumia vidole. Bango lilikataza kugusa, lakini nani wa kumwambia? Kidole kikateremka na sindano mpaka kwenye ncha, kikaingia tunduni, kikatulia. Cheche alikuwa roho mkononi.

"Nani kaitoboa hapa?"

"Sisi sote, mama."

"Nimeuliza nani, sijauliza wangapi."

Wenzake wakamsukuma mbele. Mama akaupapasa mkono wa bintiye, wenye makovu ya moto, akawageukia wageni ambao wala hawakuwa wameuliza.

"Fundi huyu ni wangu," alisema. "Nimemzaa mwenyewe."