Virudi Vikiwa Safi

Siku ya harusi yetu mama mkwe alinipa vitambaa vya kufuma, kazi yake na ya wanawake wenzake wa kijijini kwao, kaskazini. Vya makochi, vya meza, vya redio, hata cha kufunikia mtungi. Kila mwanamke alikuwa na ua lake, na mama mkwe aliweza kusema lipi ni la nani. Akaniambia mbele ya wageni, "Bibi arusi, siku utachoka na mtoto yangu, rudisha vitambaa yangu safi." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Tukahamia Bwaise, mtaa wa bondeni jijini Kampala, chumba kimoja. Mume wangu, askari polisi, hakunipiga wala kunitukana. Hakuniuliza hata nimeshindaje. Nilipotaka kwenda kuuza nguo sokoni Nakivubo, alisema mke wa askari hachuuzi. Basi nikawa mtu wa kufua vitambaa, kuvitia wanga, kuvinyoosha. Ukiinuka kwenye kochi, kitambaa kimeteleza, unakirudisha. Nilivichukia. Chumba kilinibana hadi pumzi, na ningemwambia nani? Kwa mama yangu mzazi, mume asiyepiga ni bahati.

Ndipo maneno ya harusini yakanirudia. Wengine waliusikia mzaha, mimi nikauona mlango. Nikavifua vyote, nikavifunga kwenye mfuko chini ya kitanda, nipande basi kesho yake nimpelekee mwenyewe.

Kesho yake ikaamka na mvua, na Bwaise haihitaji mvua nyingi. Mtaro ulifurika nikiwa kwa jirani, namsaidia kuinua magodoro. Niliporudi, mfuko ulikuwa umelowa maji meusi. Nikasugua kwa sabuni, kwa ndimu. Vikabaki rangi ya chai. Nililia juu ya beseni, na mume wangu akadhani navililia vitambaa. Kwa mara ya kwanza alinihurumia. Akampigia mama yake simu.

Miezi ikapita, mama mkwe akaja na mfuko mkubwa kuliko ule wa kwanza.

"Pole, mtoto yangu. Mama wote wamekufumia ingine. Nasikia ulilia kama mtu amefiwa. Hapo nikajua unapenda nyumba yako."

Akavitandika mwenyewe, kochi kwa kochi. Nikajikaza, nikamuuliza kwa kicheko kama hivi navyo, nikichoka, nitavirudisha.

"Hii?" Akanishika mkono, macho yamemlowa. "Hii hapana rudisha. Hii ni yako kabisa."